Muuza poda wa Irbid anayeogopa kunawa uso

Saa sita na dakika arobaini mchana, adhana ya adhuhuri inasikika mtaa wa Chuo Kikuu, mjini Irbid, kaskazini mwa Jordan. Wauzaji wawili wa duka la vipodozi wanavua viatu na kwenda kwenye sinki la nyuma kutia udhu. Khitam Duwairi anabaki kaunta.

"Dada Khitam, leo pia?" anauliza mwenzake, Rawand.

"Nenda, nalinda duka."

"Miaka tisa unalilinda! Kwani litatoroka?"

Khitam anacheka tu. Akitia udhu atanawa uso, na akinawa uso wenzake wataona doa.

Ni doa la kuzaliwa, la rangi ya komamanga, kutoka chini ya jicho la kushoto mpaka pembe ya mdomo. Kila alfajiri Khitam, mwenye miaka arobaini na miwili, husali, kisha hukaa mbele ya kioo dakika hamsini akilifunika. Mshahara wake ni dinari 290 kwa mwezi. Thelathini na tano huishia usoni mwake.

Adhuhuri na alasiri huzilipa usiku nyumbani, akijua fika kwamba hana udhuru.

"Namwogopa Mungu," anasema. "Lakini namwogopa Rawand zaidi. Aibu yangu ndiyo hiyo."

Kazi anaiweza. Anaingia dereva wa teksi, mtu mzima, anataka kitu cha kuficha weusi chini ya macho. Anasema ni cha mkewe.

"Mkeo ana rangi gani?"

"Kama... kama yangu hivi."

"Basi lete shavu tujaribu," Khitam anamwambia, na hamcheki. Mtu akishatoka hivi, anasema, hutembea mgongo umenyooka. Yeye anajua mgongo huo unanyooshwa na nini.

Alikuwa na miaka kumi na tisa walipokuja wanawake kumtazama kwa ajili ya posa. Mama yake, Mama Ghalib, alimpaka krimu nzito, akampa sinia la kahawa. Mama wa kijana akamkumbatia na kumbusu. Walipoachiana, krimu ilikuwa imehamia kwenye shela jeusi la mgeni, na nusu ya doa iko wazi.

"Yule mama alikunywa kahawa yake akaimaliza, akaisifu kahawa."

Hawakurudi. Tangu siku ile Khitam humsalimia mtu kwa mkono tu. Majirani wanasema anajidai.

Sasa Mama Ghalib ana miaka sabini na saba na moyo mbovu. Anachotaka ni kwenda umra na binti yake huyu, si mwingine. Kaka yake Khitam ameshatenga nauli. Mara nne Khitam ameandikishwa, mara nne amejitoa. Alisingizia mgongo, akasingizia kazi. Ukweli ni kwamba katika ihramu mwanamke huacha uso wazi na hajipaki manukato, na krimu zake zote zinanukia. Daktari amesema wasingoje mwaka mwingine.

Mwezi uliopita alimfuata mama yake jikoni, akamkuta anatoboa mamumunye ya kujaza wali.

"Mama, siumwi mgongo. Ni uso."

Mama Ghalib hakuinua kichwa. "Najua. Mimi ndiye niliyekupaka mara ya kwanza. Nilidhani nakusitiri."

"Watu watanitazama, mama."

"Na wakutazame! Mimi macho yamekwisha, we mjinga. Tukipoteana kule, watu malaki, wote wamevaa sawasawa, nimwambie askari nini? Nitasema binti yangu ana doa jekundu shavuni. Utaletwa kabla sijafunga mdomo."

Khitam alikwenda chumbani. Hakutoka mpaka chakula kilipoiva.

Siku ya pili alijiandikisha kwa mara ya tano. Basi linaondoka Alhamisi ya pili ya Rajabu.

Je, safari hii atakwenda?

"Sisemi nimepona," anasema. "Krimu nitaipaka kutoka hapa mpaka kituo cha kutia nia ya umra, nje ya Madina. Pale nitanawa. Nimemwambia mama anishike mkono, na asiniachie hata nikimwomba."