Baga ya kunde isiyo na yai ilivyonifanya nimpokonye chakula shangazi wa mchumba wangu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Unguja na shahidi ni mama yangu, ambaye hadi leo akikumbuka anaweka upawa chini ili acheke vizuri. Sijatia chumvi. Tena hiyo chumvi ndiyo niliyoisahau, mtaona.

Mimi ni mtu wa ndani. Naishi na mama Mji Mkongwe, nashona mapazia na foronya humo humo sebuleni. Mtaani wananiita "mwali". Nikifika Darajani tu watu wananipa pole ya safari.

Pamoja na hayo nikapata mchumba. Salma, mtoto wa Jambiani. Alikuja kushonesha pazia, akarudi, akarudi tena, mpaka madirisha yakaisha kwao.

Salma kalelewa na shangazi yake, Bi Mwaka, mkulima wa mwani. Posa ilikuwa inangoja neno lake tu. Na neno lake lilikuwa: "Mwanamume hatoki nje, mtoto wangu atamlisha nini? Nataka nikamwone."

Sasa Bi Mwaka nyama kakatazwa na daktari. Maziwa na mayai ndiyo hatari kabisa, anavimba uso na pumzi inabana. Kuna siku kipande cha keki kilimpeleka hospitali mbio. Kabakia na samaki, na samaki kamchoka. Salma akaniambia kila siku anawaona wageni pale ufukweni wanauma baga, anatamani aonje japo moja.

Mdomo ukaniponza.

"Mwambie aje. Nitampikia baga isiyo na nyama, yai wala maziwa."

Kuna wageni wanakula hivyo kwa hiari yao, wanajiita vegan. Nilishaona kwenye video. Kuona tu, kupika sijawahi.

Siku ikafika. Nimechemsha maharage. Video inasema yakauke kabisa, ndiyo uyaponde na mbatata. Lakini wakuu, mimi mtoto wa Unguja. Maharage yameiva, pembeni kuna bakuli la tui mama kalikamua. Mkono ukaenda wenyewe. Nakuja kushtuka, bakuli tupu.

Nikaponda hivyo hivyo. Uji. Nikatia chenga za boflo, mkate wetu wa kila siku wa unga na maji, nikaunda, nikaweka kwenye kikaango. Ikasambaratika. Nyingine, ikasambaratika. Simu ikaita, Salma: "Tushafika Mwanakwerekwe."



Mama akachungulia. "Tia yai moja lishike."

"Mama, atavimba."

"Yai moja katika rundo lote hilo? Nani atajua?"

Wakuu, yai nililishika. Nikifikiria posa, nalisogeza kwenye bakuli. Nikifikiria pumzi ya yule mama, nalirudisha. Mwisho nikaliweka juu kabisa ya kabati, nisilifikie bila kiti.

Ndipo nikaona sufuria la mama. Kunde za bajia. Zimerowekwa usiku kucha, zimetolewa maganda, zimesagwa mbichi. Bajia haina yai, na tangu nizaliwe sijaona bajia ya mama imevunjika!

"Mama, nigaie nusu."

"Bajia zangu?"

"Mama, harusi."

"Chukua zote."

Yale maharage nikayakamua kwa kipande safi cha shashi ya mapazia, maji ya tui yakatoka. Nikachanganya na kunde mbichi, thomu, kotmiri na bizari. Moto mdogo, mafuta kidogo. Zikashika! Nilitaka kulia.

Wageni wakaingia, nikampa Bi Mwaka shikamoo yake. "Marahaba. Kumbe mwali mwenyewe ndiye huyu," akasema. Meza ipo tayari: nyanya, tango, chatne ya embe, na mikate ya baga niliyonunua Mlandege.

Bi Mwaka akaishika baga kwa mikono miwili, kama alivyowaona wageni. Akafumbua mdomo.

Mwanga wa dirishani ukapiga juu ya ule mkate. Unang'aa.

Kwa nini unang'aa?

Nikakumbuka ile video. Mikate hupakwa yai juu ing'ae.

Nikaruka. Nikampokonya Bi Mwaka baga mdomoni.

Mikono yake bado iko hewani. Mama anasema, "Yarabi, mwanangu karogwa." Salma kajifunika uso kwa mtandio.

"Kijana," Bi Mwaka akasema, "umeniita toka Jambiani kuja kuninyima?"

"Mkate, shangazi. Labda umepakwa yai. Sijui. Sikuuliza dukani." Sauti yangu inatetemeka kama cherehani.

Akaishusha mikono: "Boflo mna?"

Boflo analijua, ndilo analokula kila asubuhi. Nikamnawisha mikono upya, nikampa baga nyingine isiyogusana na ule mkate. Akapasua boflo, akaitia ndani, akauma. Mimi macho kwenye midomo yake.

"Acha kunitazama kama daktari. Sivimbi." Akatafuna. "Hii si baga. Hii bajia imenenepa. Na chumvi hukutia."

Akala tatu.

Wakati wa kuondoka, mlangoni, akamwambia Salma kwa sauti mtaa mzima usikie: "Huyu mwoga."

Nikashika komeo, nijifungie ndani.

"Mwoga kwelikweli. Basi kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nataka kicheko. Waambie walete posa."

Nilichojifunza: ukipika baga za maharage, tui liwe mbali na mkono. Tia kunde mbichi zilizorowekwa zikasagwa, ndizo zinazoshika. Na ukimpikia mtu anayedhuriwa na kitu, ulizia mpaka mkate.

Naomba mawazo yenu wakuu. Mwenye njia ya kuufanya mkate ung'ae bila yai aniandikie hapa, maana Bi Mwaka kaagiza baga hizo hizo siku ya harusi na kawaalika wanawake wote wa mwani.

Usingizi sipati.