Saa ya Tata Iliyokaa Upande

Saa ya ukutani ya Tata, baba yangu, ilikaa upande, na mimi binti yake msomi nikaiona aibu. Naanza hapo, maana nikianza na sifa zangu nitajikuta nakwepa.

Tata aliipata kwa mmisionari mzee aliyekuwa anarudi kwao, mwaka ule wa Uhuru. Ilifika nyumbani kwetu, upande wa Muleba, juu ya lori la kahawa, imeviringishwa kwenye blanketi, na njiani kitu kikapinda ndani yake. Fundi wa kuifungua hatukuwa naye. Basi Tata alipoitundika sebuleni hakutumia macho. Alifungua kijimlango cha kioo, akasukuma timazi, ile sahani ya shaba inayobembea, kisha akafumba macho na kubandika sikio kwenye ubao. Saa ikiwa wima kabisa ilichechemea: ti-taa, kimya, ti-taa, kimya, kama mtu mwenye mguu mbovu. Akaisogeza ncha ya chini kuelekea kushoto, kidogo, kidogo tena, mpaka ikatembea vizuri: ti, ta, ti, ta. Akachora mstari wa penseli ukutani kufuata ubavu wake. "Hapa ndipo ilipo sawa," akasema. Wageni walioikuta imeinama vile walicheka, naye alicheka nao.

Kila Jumamosi alikwenda kwa mwalimu mkuu kusikiliza saa kwenye redio, akarudi kurekebisha mishale. Kila Jumapili akitoka kanisani aliitia ufunguo, polepole, akihesabu mizunguko kwa Kihaya.

Kijiji chetu kilipofanywa cha ujamaa, saa ile ikampa cheo. Ringi ya gurudumu la lori ilitundikwa uani kwetu, akakabidhiwa nondo ya kuigonga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku za shamba la kijiji. Shamba lilikuwa kwenye rweya, kule kwenye nyasi tupu nje ya migomba, na hakuna aliyetoka kwenye kibanja chake kabla ya kusikia kengele ya Tata. Watu wazima walimwita kwa heshima "waitu, mwenye saa." Jamani, alivyotembea na ile nondo! Ungedhani ni fimbo ya askofu.

Mimi wakati huo nilikuwa chuo cha ualimu. Likizo moja rafiki yangu wa chuoni, ambaye kwao walikuwa na duka Miembeni, mjini Bukoba, akaniletea habari kwamba atakuja Jumapili, alale, arudi Jumatatu. Kiherehere kikanipanda. Nyumba niliyolelewa humo nikashiba, ghafla niliiona mbaya. Nikabadilisha nyasi za sakafuni. Nikatafuta chokaa nipake kuta. Tata alikuwa amekwenda Nyanga tangu Ijumaa kumwangalia dada yake mgonjwa, na Mama aliniachia nifanye nitakavyo kwa kuwa eti nimesoma.

Niliishusha saa, nikapaka chokaa juu ya mstari wa penseli, nikaitundika tena. Safari hii nikainyoosha. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikafumba jicho moja, nikailinganisha na fremu ya mlango. Imenyooka! Ilichechemea, na nilisikia vizuri kabisa. Nikajiambia itazoea. Itazoea! Mwalimu mtarajiwa huyo.

Jumapili nilisingizia kichwa nisiende kanisani, nimalizie mkono wa pili wa chokaa. Katikati ya kazi nikashtukia kimya. Saa imesimama. Nikafungua kioo kwa mikono ileile michafu, nikachungulia jua, na jua lenyewe lilikuwa limejificha mawinguni. Nikasogeza mishale mpaka nilipokisia, nikasukuma timazi, ikaondoka. Mgeni alipofika akasifu weupe wa ukuta, nami nikavimba kichwa.

Tata alirudi jioni, miguu imejaa vumbi. Alimsalimia mgeni kwanza, akamuuliza habari za kwao. Kisha akatazama ukuta, akatazama saa, akainamisha kichwa upande mmoja. Nilijua anasikiliza.

"Umepaka chokaa," akasema. "Vizuri, mwanangu."

Akaitia ufunguo kwa kuwa ilikuwa Jumapili, taa ya chemli ikiwa mbali juu ya meza, akafunga kioo. Hakuisogeza. Kuikosoa kazi yangu mbele ya mgeni kungenivunjia heshima, na Tata hakuwa mtu wa hivyo. Angengoja rafiki yangu aondoke. Alijua saa imehamishwa. Asichojua ni kwamba ilikuwa imesimama. Maneno matatu yangetosha: Tata, saa ilisimama. Lakini rafiki yangu alikuwa pale, kikombe mkononi, na sikutaka ajue kwamba nimeharibu kitu. Nikamwongezea chai.

Jumatatu kulikucha na ukungu mzito, na manyunyu. Tata akaifuata saa, akagonga ringi. Kumbe ilikuwa nyuma karibu saa nzima. Bwana mkubwa mmoja kutoka wilayani alikuwa amefika kwenye rweya na Landrova yake tangu saa moja kamili, kuja kuona kijiji kinavyofanya kazi. Alikuta mbuzi wawili. Watu walipotokea hatimaye, majembe begani, wanaongea na kucheka, hakutaka hata salamu. Alimwambia mwenyekiti wetu maneno ambayo mwenyekiti hakuyarudia mbele yetu, akapanda gari akaondoka.

Mchana mkutano ukaitishwa. Rafiki yangu alikuwa ameshapanda basi la Bukoba. Mwenyekiti akamsimamisha Tata mbele ya kijiji kizima.

"Mzee, tueleze. Nani ametuchelewesha?"

Tata hakujibu. Alitazama nondo mkononi mwake, kisha akainua uso akatazama upande wa wanawake, tulikokuwa tumekaa majanini. Alinyamaza muda mrefu, hata mtu mmoja akakohoa, na mwingine akakohoa. Mimi nilikuwa nang'oa majani, moja moja, macho chini.

"Ni mimi," akasema. "Nilisahau kuitia ufunguo."

Mtu wa nyuma akasema, "Uzee huo," wakaangua kicheko. Nondo ikachukuliwa pale pale, akapewa mwanamume mwenye saa ya mkononi, na siku ya pili ringi ikahamishwa kutoka uani kwetu. Tangu hapo hakuna aliyemwita mwenye saa. Na mimi nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akizungusha ufunguo ule.

Tulipofika nyumbani akabandika sikio kwenye ubao, akaisogeza saa mpaka ikatembea, akachora mstari mpya juu ya chokaa yangu.

"Njoo usikilize," akaniambia. Nikasikiliza. "Umesikia?"

"Nimesikia, Tata."

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nilirudi chuoni, nikahitimu, nikafundisha miaka na miaka. Niliwachapa watoto wa watu kwa kusema uongo! Nikikumbuka hilo natamani ardhi inimeze.

Nilimwambia alipokuwa mzee sana, macho yamekufa, ufunguo nautia mimi kwa niaba yake. Nilipiga magoti kama ninayemwamkia, nikayatoa yote: chokaa, kusimama, kukisia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema. "Kwenye mshale mrefu palikuwa na alama ya kidole chako, ya chokaa. Niliiona asubuhi ile kulipopambazuka vizuri, kabla sijaenda mkutanoni."

"Sasa Tata, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Nilinyamaza kadiri nilivyoweza, mwanangu. Watu wakaanza kukohoa."