Kajampuni ya Mama Ilipolala

Mama alipohamia kwangu Mafubira, hapa Jinja, kutoka Mbale, macho yakiwa yamemwishia nuru, alikuja na begi moja la nguo na sufuria iliyotoboka. Ndani ya sufuria mlikuwa na ua lake la miaka mingi, ndugu wa kajampuni, lile gugu chachu ambalo watoto wa huku hulitafuna wakitoka shule. Lake lilikuwa la zambarau, majani matatu matatu, na jioni yalijikunja kama miavuli. Nililipenda tangu utotoni, ingawa sikuruhusiwa kuligusa.

Kule Mbale kila kiangazi kilipoingia, majani yalinyauka yote. Mama hakuhangaika. Aliacha kulimwagilia, akaisukuma sufuria uvunguni mwa kitanda, asiitazame tena mpaka mvua za Machi.

"Limelala," alikuwa akisema. "Wewe ukilala unataka umwagiwe maji?"

Hayo nilikuwa nayajua. Lakini majani yalipokauka hapa kwangu, kaa wewe na sufuria tupu barazani, majirani wakipita. Mmoja wao, mke wa dereva wa lori kutoka Kenya, alisimama akashika kiuno: "Woi, maua ya mama imekauka! Kwani huwa humwagilii?" Kwetu binti akiacha kitu cha mama yake kikauke, watu huanza kujiuliza kama mama mwenyewe anakula. Hasira zangu ziko karibu, na aibu iko karibu zaidi. Nikaanza kumwagilia kila asubuhi, kimyakimya, Mama akiwa ndani na kikombe chake cha chai.

Tena Jinja si Mbale. Huku ziwa na mto viko jirani, mvua huja hata isipotarajiwa, na udongo haukauki sawasawa. Machi ikafika, halikuchipua hata jani moja. Nilipochokonoa udongo nilipokewa na harufu ya uvundo. Vile vimizizi vinene ambamo ua hulala vilikuwa vimegeuka uji. Nilimwaga vyote chini ya mgomba nyuma ya jikoni, nikalia. Katika nyumba nzima aliyoiacha Mbale, sufuria ile ndicho kitu pekee alichoomba kubeba.

Siku iliyofuata nilikwenda Nalufenya kwa muuza miche wa kando ya barabara, nikanunua ua la aina ileile, nikalipanda ndani ya sufuria na kumwekea Mama mapajani.

"Mama, limeamka."

Alipapasa jani moja. Moja tu.

"Hili si langu."

"Mama, ni lilelile."

"Langu lina majani madogo na bua fupi. Hili limelelewa kivulini. Macho ndiyo yamekufa, mwanangu. Mikono bado."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni. Nilimweleza yote, pamoja na yule jirani, nikisubiri kugombezwa. Aliniuliza tu nilimwaga wapi.

Nikamshika mkono hadi kwenye mgomba. Alichuchumaa, akaingiza vidole kwenye lile tope linalonuka na kuanza kulichambua. Kipande kimoja kimoja alikibonyeza: laini, akatupa; laini, akatupa. Hapa jirani, Kimaka, kuna chuo cha jeshi ambako maofisa husomea vita, na kati ya wote hao sijaona mwenye utulivu kama wa mama yangu siku ile. Nilimwonea fahari.

Kisha akasema, "Chuchumaa hapa. Fumba macho."

"Mama?"

"Fumba. Ipo siku sitakuwepo, na wewe utabaki unawasikiliza majirani."

Akanijaza kiganja vipande vya vimizizi vyenye matope. "Kipi kizima?"

Nikachagua kimoja. Akakibonyeza. "Kimeoza."

Nikachagua kingine, kinene, nikiwa na uhakika kabisa. "Nacho kimeoza. Usipende unene."

Nilirudia polepole, macho yamefumbwa, majasho yakinitoka kama mwanafunzi wa mtihani. Ndipo kidole kikagusa kitu kidogo chenye magamba, kigumu kama punje ya mahindi mabichi. Nilikishika muda mrefu, nikiogopa kusema.

"Hiki," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nilimnyooshea akibonyeze. Hakukichukua.

"Basi nenda kakipande," akasema, akanipa mkono nimwinue.