Buti Zangu Zilivyobaki Urambo

Miaka kumi na nane nimeimba ufukwe tu: mchanga, mawimbi na mapenzi ya pwani. Mwaka huu mialiko ilikauka, na shemeji yangu akanitafutia kazi ya kukata tiketi stendi. Nikamwomba wiki moja. Nilikuwa na mwaliko wa mwisho, wa Urambo, nami nikaapa: wakikataa kucheza, gitaa naliweka darini.

Alhamisi jioni treni iliondoka Dar. Nilikula, nikalala, nikaamka, bado tuko njiani. Nikawahurumia Wanyamwezi wa zamani waliopita huku kwa miguu, mizigo mabegani.

Tabora nilipokewa na Kulwa, fundi redio wa mtaa wa Ng'ambo, ambaye ndiye aliyeniombea mwaliko ule. Nikamuuliza kama watu wa bara watazipenda nyimbo zangu.

"Kaka, wewe si Mzaramo?" akacheka. "Basi jiandae. Sisi Wanyamwezi ni watani zako."

Jumamosi, saa tisa alasiri, Urambo. Wakulima walikuwa wameshauza tumbaku, wamevaa wakapendeza. Nikaanza: "Njoo Mbweni, mpenzi, tukanyage mchanga mbichi." Kimya. Ubeti wa pili, kimya kile kile. Nikaendelea kuimba nimeinamia nyuzi, nisiwatazame.

Ajuza mmoja, Bibi Nyamizi, akainuka akaja mpaka mbele yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. We Mzaramo, babu zetu walikuja kwenu miguu mitupu. Leo unatuimbia mchanga umevaa buti? Vua!"

Kabla sijajibu, wanawake wawili walishanikalisha chini, na buti zikaenda. Ndio utani huo: mtani haombi, anachukua, na ukinuna umeshindwa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nami, nikasimama peku kwenye mchanga wa Urambo, wa moto kama wa kwetu, nikaurudia wimbo. Wakainuka wote! Bibi Nyamizi alicheza mbele, buti zangu zikining'inia shingoni mwake. Nilifurahi nusura nilie. Wimbo ule niliuimba mara nne.

Jumapili walinisindikiza stesheni, nimevaa kandambili za Kulwa.

"Mwakani uje na viatu vingine, mtani," akasema Bibi Nyamizi. "Hivi nalimia."

Nilidhani wamenyamaza kwa kuwa hawana bahari. Kumbe mgeni hawamchezei mpaka kwanza wamcheke, na mimi kwa woga wangu nilikuwa nimeimba kama mtu aliyekuja kuhukumiwa.

Treni ilipoanza kutembea nikapiga simu nyumbani.

"Shemeji, ile kazi ya stendi mpe mwingine."