Flaiwili ya Mama Mkwe

Hakuna kitu kilichomkera Athanasi Luhaga kama mteja aliyejifunza ufundi kwenye simu. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mkerezaji pale Bariadi, mtu wa kuchonga shafti za mashine za kusaga na ekseli za mikokoteni, na alishajibizana na wabishi wa kila aina. Mbishi wa nje unaweza kumfukuza. Huyu wa sasa alikuwa shemeji yake.

Magese alikuja na pikapu ya mama yake, ile ya kijivu inayovuta kwa magurudumu yote manne, ambayo kazi yake ilikuwa kubeba pamba kutoka mashambani kule Nkololo.

"Shemeji, nataka unipunguzie flaiwili," alisema. "Injini inachelewa kupanda. Nimeona watu wa mashindano wanaichonga inakuwa nyepesi, gari inaruka."

Flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini, karibu kabisa na miguu ya watu wanaokaa mbele. Uzito wake ndio unaoifanya injini isizimike gari linapotambaa kwenye tope, na tope jeusi la mbugani, mvua ikishanyesha, hata ng'ombe hulikwepa. Gari la kazi kama lile lilihitaji uzito wake wote. Athanasi alisema hivyo mara tatu. Magese akajibu mara tatu kwamba mama ndiye aliyemtuma.

Hapo ndipo Magese alipomweza. Siku hizi ziko nyumba ambazo mtu na mama mkwe wake wanapigiana simu na kucheka. Kwa Nyanjige, mwenye pikapu, hapana. Tangu Athanasi amwoe binti yake Stephania, miaka kumi na tisa, hakuwahi kumsemesha mama yule ana kwa ana. Wakikutana njiani, Athanasi alipisha kando akatazama chini, na mama akavuta kanga usoni. Neno lolote kati yao lilipita kwa mtu wa tatu. Ilikuwa heshima nzuri na Athanasi hakuilalamikia hata siku moja, mpaka mtu wa tatu alipokuwa Magese.

Basi akaifanya kazi, lakini kwa kujihadhari. Aliifunga flaiwili kwenye mashine, akapunguza chuma cha upande wa nyuma tu, kule ukingoni, kilo moja na nusu. Hakugusa uso unaokutana na klachi, wala sehemu ya katikati zinakopita bolti.

"Usiifunge bado," alimwambia Magese. "Ipeleke Mwanza pamoja na klachi yake, ikapimwe balansi. Ikizunguka huku inapepesuka itaimaliza injini."

"Kilo moja na nusu tu?" Magese aliinyanyua, akaguna, akaondoka nayo.

Baada ya siku nne akairudisha ili afungiwe. Athanasi aliipokea, akaigeuza mikononi. Fundi fulani, ambaye Magese hakutaka kumtaja, alikuwa ameitoboa matundu kumi na mawili kuizunguka, kila moja la kupita kidole gumba, na mengine yalikuwa yamekaribia kabisa matundu ya bolti. Ilikuwa nyepesi kweli. Hata sahani ni nyepesi.

Aliipangusa, akaipaka mafuta ya taa, akaifuta mpaka ikakauka, kisha akaisugulia chaki. Wakasubiri. Taratibu, kwenye weupe wa chaki, ukajitokeza mstari mwembamba wa unyevu kutoka tundu moja hadi jingine.

"Unauona? Huo ni ufa. Mafuta yaliingia humo, sasa yanatoka."

"Ni mkwaruzo tu huo, shemeji."

"Mkwaruzo haunywi mafuta! Hii ikizunguka mara elfu nne kwa dakika inapasuka, na vipande vyake vinapita kwenye sakafu ya gari kama panga. Ni miguu hiyo, Magese. Ya kwako, na ya yeyote aliyekaa hapo mbele. Kamwambie mama atafute nyingine, hata ya mtumba."

Magese alikwenda na kurudi siku ya pili. "Mama anasema funga tu, pamba inasubiri."

Athanasi alikataa kufunga. Magese akaikumbatia flaiwili yake na kwenda kutafuta atakayekubali.

Ikabidi Athanasi amwombe mkewe apige simu Nkololo. Stephania alipiga, akasikiliza, akakata, uso umemshuka.

"Mama anasema Magese ameshamweleza yote. Kwamba umenuna kwa sababu kazi amepewa fundi mwingine."

Ijumaa nzima Athanasi hakufaa kwa lolote. Aliichonga shafti ya watu ikapitiliza kipimo, akaitupa chini, akaitukana. Kuitwa mwenye wivu kulimuuma, lakini si sana. Kilichomchoma ni kwamba ukweli alikuwa nao, ameushika kwa mkono wake, na njia ya kuufikisha ilikuwa moja tu, nayo imekaliwa na mwongo. Angefanya nini? Aandike barua aipe Magese aipeleke?

Jumamosi asubuhi aliisikia injini kabla hajaliona gari. Ilikuwa inapanda haraka, kama Magese alivyotaka, na chini ya mlio wake kulikuwa na mtetemo mbaya. Pikapu ikasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la magunia. Magese alikuwa kwenye usukani, anakanyaga mafuta makusudi ili watu wageuke. Pembeni yake alikaa Nyanjige, mkoba magotini, miguu ameinyoosha mbele.

Ile miguu ndiyo iliyomtoa Athanasi karakanani. Alivuka barabara na mikono yake ya grisi, akampita Magese bila kumtazama, akaenda kwenye dirisha la mama. Nyanjige alimwona, akavuta kanga usoni na kugeukia upande wa pili, akimngoja mkwe wake apite zake. Hakupita.

"Mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma, kisha akaanza upya. "Mayu, nisamehe. Flaiwili ya gari hili ina ufa. Nimeuona kwa macho yangu na Magese ameuona. Itapasuka hapo ulipoweka miguu. Sijanuna. Naomba ushuke."

Mwenye duka la magunia alitazama chini, kana kwamba aibu ni yake.

"Si nilikwambia, mama?" Magese alicheka. "Wivu umempanda mpaka amekosa adabu. Miaka yote hajakusemesha, leo ndiyo—"

"Zima gari," Nyanjige alisema.

"Mama, pamba—"

"Nimesema zima. Mtu amekaa miaka kumi na tisa hajanitazama usoni. Unadhani angeivunja heshima yote hiyo mbele ya watu kwa wivu wa chuma?" Alifungua mlango akashuka, kanga bado imemfunika. "Na wewe ufa uliuona, ukaniweka mimi juu yake."

Magese alizima. Mama yake alishika njia kuelekea nyumbani kwa binti yake, kwa miguu, bila kumwambia Athanasi neno wala kugeuka nyuma.

Athanasi alibaki amesimama kando ya gari. Hakujisikia mshindi. Alikuwa na aibu, na hasira yake haijapoa hata kidogo.

"Shuka," alimwambia Magese. "Lete jeki. Leo chini ya gari unaingia wewe."