Mstari wa Ufizi wa Kukhu

Juzi meno ya bandia ya mwalimu wetu wa hesabu yalimdondoka akiwa katikati ya kunigombeza. Darasa zima lilicheka, kisha likanigeukia mimi, mchekeshaji wao. Badala ya mzaha, puani ilinijia harufu ya plasta mbichi.

Nilipokuwa mdogo, Kukhu, mama yake baba, alikuja kwetu mtaa wa Woodley bila jino hata moja. Kazi ya Baba mjini ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na Jumamosi moja alasiri alileta nyumbani sanamu ya plasta ya ufizi wa Kukhu, nyeupe na baridi kama sahani. Akaizungushia mstari wa penseli.

"Meno yataishia hapa," akaniambia. "Yakipita, yatamkata. Na wewe usiguse!"

"Harakisha, mwanangu," Kukhu akaita kutoka jikoni. "Mahindi ya kuchoma yananicheka."

Baba alipokwenda kunawa, niliufuta mstari kwa kidole kilicholowa mate, nikachora mwingine nje zaidi ya pale ulipokuwa. Nilidhani meno makubwa huleta kicheko kikubwa.

Meno yalipokuwa tayari, Kukhu aliyavaa, akatabasamu.

"Yamekaa vizuri, Mama?"

"Vizuri sana."

Kisha akaenda nyuma ya nyumba kutema damu. Wiki haikuisha, akayafunga kwenye leso na kurudia uji wake. Baba aliitazama tena sanamu, akaona mstari umepita mahali pake, akasema mkono wake umeanza kumsaliti. Tangu hapo huwaachia wenzake kazini wamchoree mistari.

Mimi, nisiyeishiwa na maneno, bado sijamwambia kwamba mkono ule haukuwa wake.