Charline anapima atomi kwa umeme wa kinyozi

Saa nne asubuhi, jua limeshika vizuri bati la saluni ya Kasereka, mtaani Keshero, Goma. Mashine ya kunyoa inanguruma kichwani mwa mteja. Kwenye kona, Charline Kasoki, mwalimu wa fizikia, ameinamia kompyuta inayotumia betri hiyohiyo ya sola.

"Mama Prof, atomi zako ziko namna gani?" kinyozi anauliza.

"Ziko zinanisumbua kuliko watoto wa quatrième."

Mchana Charline hufundisha darasa hilo la sekondari huko Murara. Asubuhi hupiga hesabu za atomi nyingi zilizojipanga kama mnyororo, kila moja kama kisumaku kinachoelekea juu au chini. Ukitazama kimoja, hujifunzi kitu. Tazama viwili vilivyo mbali, maelfu ya mara, ndipo utajua kama vinakubaliana kuliko bahati inavyoruhusu. Kukubaliana huko ndiko anakokupima.

Mwezi uliopita mchoro wake ulionyesha kwamba atomi za ncha mbili za mnyororo zinakubaliana. Kwa mchoro huo, chuo kimoja cha nje kilimwahidi nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu.

Kilichomtia shaka ni usafi wa mchoro huo. "Betri inakufa kila mara mutu wa nywele mingi anaingia," anasema. "Sasa matokeo safi vile ilitoka wapi?"

Akaikagua programu. Umeme uliporudi, ilijiwasha yenyewe na kuanza tena na namba ileile ya kuanzishia nasibu, aliyoiweka mwenyewe ili kazi yake iweze kuhakikiwa. Kwa hiyo ilirudia bahati ileile, na vipimo vingi vilikuwa nakala za vichache. Shahidi mmoja alihesabiwa kama umati.

"Si ungenyamaza tu?" Kasereka anamwambia. "Nani angekuya kuona?"

"Mimi nimeshaona, papa."

Aliuondoa mchoro, akakiambia chuo sababu. Chuo kikampa hadi mwisho wa mwezi kuleta hesabu mpya. Sasa programu huhifadhi ilipofikia, lakini kila kukatika kwa umeme humpotezea muda, na mwezi unaisha.

"Huo uhusiano wa ncha mbili unaweza kupotea," Charline anasema. "Ukipotea, nitaandika: umepotea." Akiipata nafasi, anataka kurudi Goma kufundisha hesabu hizi, kwa betri yake mwenyewe.

Mteja mwingine anaingia, nywele zimemjaa. Kasereka anaitazama kompyuta, kisha anaiweka mashine yake mezani.

"Ikaa, muzee. Leo ni makasi."